Herufi Iliyozidi katika Kitabu cha Vassa

Saa moja asubuhi, siku mbili kabla ya Septemba kwisha. Jua linaingia kwenye dirisha la jikoni kwa Vassa Potapova, nalo ndilo alilokuwa akilingoja tangu alipoamka. Ameshakunywa chai. Mkate na siagi ameviondoa mezani, meza ameifuta mara mbili, na sasa analaza karatasi moja nyeupe juu ya ubao uliokazwa nyuzi ngumu kama zeze. Anapitisha kidole gumba juu ya karatasi, uzi baada ya uzi, taratibu. Anapoinyanyua, mistari imejitokeza yenyewe bila tone la wino.

"Wengine wanatumia rula na penseli, halafu wanafuta," anasema, macho yake yako kwenye karatasi. "Mimi sitaki. Ukianza kazi kwa kufuta utaimaliza kwa kufuta."

Leo hatakiwi kukosea. Karatasi nzito za pamba alizoagiza Tartu zimebaki mbili tu, na duka lile halina tena za aina hiyo. Anaandika upya kurasa nne alizokwisha kuziandika vizuri mwezi wa Februari, vizuri kabisa, isipokuwa herufi moja. Kitabu kizima cha kurasa mia mbili themanini na nane kinangoja hizi nne. Tarehe kumi na nne Oktoba ni sikukuu ya Pokrov, Mama wa Mungu anapoufunika ulimwengu kwa shela yake, na siku hiyo kitabu hiki kinapaswa kuwa juu ya marfaa, kile kibao cha kuegemezea kitabu, katika nyumba ya sala. Kisipokuwepo, kwa kuwa kile cha zamani hakishikiki tena, kijiji cha Lipnoye kitasimama siku ya sikukuu yake bila kitabu cha kuimbia, jambo ambalo halijapata kutokea tangu wazee walipofika ukingoni mwa Ziwa Peipsi wakikimbia.

Anachovya unyoya wa bata bukini. Anaugusisha kwenye ukingo wa kichupa ili ushushe ziada. Kisha anaandika, na jikoni hakusikiki kitu isipokuwa mkwaruzo mdogo, kama kuku anayeparua mahali pa mbali.

Vassa ana miaka sitini na minane. Kwa miaka ishirini na sita alisafisha samaki kiwandani, na kiwanda kilipofungwa alirudi kwenye vitunguu, maana hapa kila mtu hurudi kwenye vitunguu. Bustani yake ni matuta kumi na manne marefu. Mwaka mzuri, misuko anayoitundika kando ya barabara humpa euro elfu mbili hivi, na pensheni inajaza palipobaki. Vidole vyake vina harufu ya vitunguu hata Jumapili, na wala haoni aibu.

"Baba alikuwa akisema kitabu kilichokaa na vitunguu hakiliwi na wadudu," anasema. "Sijui kama ni kweli. Lakini vitabu vyetu vyote vilikaa darini pamoja na vitunguu zile enzi za serikali isiyotaka dini, ambapo havikutakiwa kuonekana, na hakuna hata kimoja kilicholiwa. Kwa hiyo labda."

Baba yake, Trofim, ndiye aliyemtia unyoya mkononi akiwa na miaka kumi na mmoja. Hakumfundisha kwa maneno mengi. Alimpa kazi ya kuchemsha magome ya mti na misumari yenye kutu hadi maji yawe wino, naye Vassa akaifanya kazi hiyo miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuandika herufi ya kwanza. Shuleni mwalimu alimsifu kwa mwandiko wake mzuri, akamuuliza amejifunza wapi. Alijibu kwamba kwa kuandika majina ya samaki.

Kitabu anachokinakili ni cha kuimbia. Juu ya kila neno kuna alama nyeusi zilizopinda, na watu wa hapa huziita ndoano. Kando yake kuna vialama vyekundu vya kumwambia mwimbaji apande, ashuke au angoje. Kile cha zamani kiliandikwa na mtu ambaye hakuacha jina lake, yapata miaka mia mbili iliyopita. Machi ya mwaka juzi theluji iliyeyuka ghafla, paa la nyumba ya sala likavuja juu ya kabati, na hakuna aliyejua hadi wiki ya pili. Vitita vya mwisho vya kurasa viligandana kama maandazi. Vassa alivitenganisha kwa mvuke na kisu cha mfupa, ukurasa mmoja mmoja, akasoma alichoweza. Palipotoweka alimwita Baba Zosima aje kuimba kwa kichwa, naye akaandika alichosikia.

Baba Zosima ndiye anayeongoza sala. Ana miaka themanini na minne, fundi wa matofali mstaafu, na sikio lake moja tu ndilo linalofanya kazi. Aliposimama jikoni kwa Vassa akiimba ukurasa uliooza, majirani walidhani kuna msiba.

Si kwamba hakuna njia ya mkato. Mpwa wa Vassa, Lavrenty, anafanya kazi ya kompyuta mjini Tartu, na alipokuja Krismasi alimwambia shangazi yake wazi.

"Shangazi, nikipiga picha hivi vitabu vyote kwa siku moja, nitakutolea nakala kumi. Ishirini ukitaka. Macho yako yapumzike."

"Nakala ishirini za nini? Sisi tuko thelathini na wanne, na waimbaji ni saba."

"Basi saba."

"Waimbaji saba wanasimama mbele ya kitabu kimoja, Lavrenty, bega kwa bega, wanapumuliana kitunguu. Ukimpa kila mtu karatasi yake, kila mtu ataimba yake."

Lavrenty alicheka, akaacha. Baadaye alileta taa nzuri yenye mkono mrefu, na hiyo Vassa aliipokea, ingawa anapenda zaidi dirisha.

Tena kuna jambo la bei. Kuna bwana mmoja mkusanyaji wa vitu vya kale aliyepita kijijini mwaka jana, akaona karatasi mezani, akauliza anauza kiasi gani. Vassa alimtazama kama mtu aliyeuliza bei ya mtoto. Hapa kitabu cha sala hakinunuliwi wala hakiuzwi. Neno linalotumika ni kubadilisha. Hata pesa zikitoka mfukoni, mtu husema "nimekibadilisha." Yule bwana hakulijua neno, akaondoka na msuko wa vitunguu. Kijiji chenyewe kilibadilisha na Vassa kwa kuni za majira mawili ya baridi, samaki wa kukausha kwa moshi, na jiko lake la matofali lililokuwa likifuka, ambalo Baba Zosima alilikarabati kwa mikono yake huku akimlaumu fundi aliyelijenga. Aliyelijenga alikuwa yeye mwenyewe, mwaka sabini na tisa.

Sasa, hiyo herufi.

Watu wa Lipnoye huandika jina la Bwana wao Isus, kwa i moja. Miaka mia tatu na hamsini na ushee iliyopita vitabu vya kanisa kubwa vilisahihishwa, na jina likaongezwa i ya pili, Iisus. Kwa mtu wa nje ni kama nukta ya nzi. Kwa wazee wa hapa ilikuwa ni kuacha nyumba, makaburi na mashamba na kwenda kuishi kwenye matope ya ziwa la watu wengine. Mtoto wa hapa huijua i moja kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Na Vassa, binti Trofim, ambaye ameliandika jina hilo maelfu ya mara, aliandika i mbili.

Aliiona wiki iliyopita, alipokuwa akipanga vitita kumi na nane tayari kwa kushona. Kitita cha kumi na moja, karatasi ya tatu, mstari wa sita. Alidhani ni jicho lake. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na hospitali imempangia upasuaji tarehe kumi na sita Oktoba. Alifumba la kulia akatazama kwa la kushoto. Herufi zilikuwa mbili, zimekaa pamoja kwa raha zao, wino wake mweusi, mwandiko wake mzuri.

"Nilikaa," anasema. "Chai ikapoa. Nikachemsha tena, ikapoa tena."

Alijua siku aliyoiandika. Ilikuwa Februari, siku moja baada ya mazishi ya mdogo wake, Kiriakia. Huyo aliolewa na mtu wa kanisa lile jingine akiwa na miaka ishirini na mbili, akahamia Mustvee, na kwa miaka mingi akija nyumbani alipewa kikombe chake peke yake, kama ilivyo desturi kwa mtu aliyetoka. Hakulalamika. Alikuwa akija na kikombe chake mwenyewe mkobani, cha maua, akisema, "Nimewapunguzia kazi ya kuosha." Alipokufa, mumewe alimwomba Vassa aandike ubao wa msalaba, kwa kuwa mwandiko wake unajulikana pwani yote ya ziwa. Vassa aliuandika kama wao wanavyoandika, kwa i mbili, kwa sababu ni kaburi lao na ni mke wa kwao. Kesho yake alirudi mezani kwake, na mkono ukaja na kile ulichokuwa umebeba.

Hilo hakumwambia mtu.

Angeweza kunyamaza pia juu ya karatasi. Waimbaji wa Lipnoye wanaimba nusu kwa macho na nusu kwa kumbukumbu, na ule wimbo wanaujua wote. Lakini kabla kitabu kipya hakijawekwa kwenye marfaa husomwa chote kwa sauti mbele ya watu, kutoka jalada hadi jalada, na anayesoma ni Glikeria Savelyevna, jirani yake, ambaye jicho lake halijawahi kusamehe kitu. Basi Vassa alivaa koti akaenda mwenyewe.

Glikeria alikuwa akisuka vitunguu mlangoni. Alipoonyeshwa mstari, alifuta mikono kwenye aproni, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Eh, Vassa binti Trofim," alisema. "Mkono wako umekwenda kanisa jingine bila ruhusa yako."

"Umekwenda."

"Na ukakaa huko hadi mwisho wa ibada, naona. Hii ni Februari?"

"Februari."

"Kwangua. Kisu unacho. Kwangua i moja, pasugue kwa jino la mbwa palainike, nani atajua?"

"Siwezi kupitisha kisu juu ya Jina."

"Hilo si Jina. Hilo ni la wale."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nimelitazama siku tatu na sijui kama ni Jina au si Jina."

Walikwenda kwa Baba Zosima wote wawili, maana hakuna kati yao aliyetaka mwenzake afike kwanza. Mzee alikuwa akigeuza samaki juu ya moshi. Iliwabidi waseme mara tatu, mara ya tatu Glikeria akilipigia kelele sikio zima, na bila shaka nusu ya mtaa ikasikia.

"Nimejenga nyumba thelathini kule Leningrad," alisema hatimaye. "Nusu ya wenye nyumba waliliita hivyo. Waliliita asubuhi, waliliita wakiumwa. Hakuna ukuta wangu ulioanguka."

"Kwa hiyo ni Jina?" Glikeria aliuliza.

"Nimesema habari za kuta."

"Baba, tunauliza habari za kisu."

Mzee alifunika samaki. "Kisu usipitishe. Kwenye marfaa usiiweke. Andika upya."

"Na hii nitaipeleka wapi?" Vassa aliuliza. "Kuichoma siwezi. Kuitupa siwezi. Upande wa pili wa karatasi hiyohiyo Jina limeandikwa sawasawa mara nne."

Baba Zosima alikuwa tayari amerudi kwa samaki wake. Vassa aliifunga karatasi ndani ya leso safi, akaiweka juu ya jiko, mahali pakavu. Iko hapo hadi sasa. Kila anapoinuka kunyoosha mgongo anaitazama, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Ndiyo sababu asubuhi hii anaandika upya. Na kwa kuwa karatasi moja iliyokunjwa ina kurasa nne, kosa la mstari mmoja limembeba hadi kwenye kurasa ambazo hazikuwa na kosa lolote. Kwa macho mazima angemaliza kwa siku nne. Kwa jicho moja na nusu, anasema, ni siku sita.

Zikawa saba. Siku ya tano mvua ilinyesha bila kuacha na dirisha likawa la kijivu, akaona bora asuke vitunguu kuliko kujaribu. Siku ya saba, alipofika kwenye mstari ule wa sita, aliweka unyoya chini, akatoka nje, akazunguka matuta yote kumi na manne, akarudi akaandika. I moja. Akaacha ikauke yenyewe bila kuipuliza.

Baada ya hapo ikaja kazi ambayo huifanya akiwa amesimama. Vitita kumi na nane vimeshonwa kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, kimoja baada ya kingine, hadi mgongo wa kitabu ukawa mgumu kama samaki mzima. Mbao za jalada hazitengenezwi mpya. Hurithiwa. Za kitabu cha zamani ni nzito, zimelainika pembeni, vifungo vyake vya shaba bado vinabana, na kijiji hakingekubali kuziacha kabatini. Tarehe tisa Oktoba Vassa alianza kuzivua mbao hizo. Ubao wa nyuma ulikuwa umebandikwa kwa ndani karatasi nene iliyochafuka. Aliilowesha kwa maji ya uvuguvugu na sponji, akangoja, akainua kona kwa kisu cha mfupa.

Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine. Imeandikwa.

Aliutambua mwandiko mara moja. Ameishi nao mwaka mmoja na nusu, amemjua mtu yule kwa namna anavyokunja mkia wa herufi na anavyochoka kila anapokaribia mwisho wa ukurasa. Ulikuwa ukurasa wa kitabu chenyewe, wenye ndoano zake na vialama vyekundu. Aliusoma hadi katikati, akasimama, akausoma tena. Yule mtu alikuwa ameandika mstari mmoja mara mbili. Bila shaka aliinua macho, labda alikuwa na usingizi, labda aliitwa, akarudi kwenye mstari aliokwisha kuumaliza. Na katika mstari huo Jina lilikuwemo, kwa i moja, safi kabisa, mara mbili badala ya mara moja. Hakuweza kukwangua. Hakuweza kutupa. Aliibandika ndani ya ubao, akafunika kwa karatasi nyingine, akaendelea na kazi.

"Miaka mia mbili tumekuwa tukimsifu kwamba hakukosea hata mahali pamoja," Vassa anasema. Anacheka bila sauti, mabega tu yanatikisika. "Baba yangu alinipiga makofi kwa ajili ya huyu mtu. Alikuwa akisema, mtazame yeye, kitabu kizima bila kosa."

Alimwita Baba Zosima. Mzee alikuja na buti zake za matope, akainama juu ya ubao mpaka ndevu zikagusa gundi.

"Tofali lililopasuka hatulitupi," alisema. "Linakwenda katikati ya ukuta. Nje haliwekwi, linatia aibu. Lakini ndani linabeba kama mengine."

Jumamosi, tarehe kumi na moja, watu ishirini na sita walikuja nyumba ya sala kusikiliza kitabu kikisomwa. Wanawake na vitambaa vyao vilivyobanwa kwa pini kidevuni, wanaume upande wao. Kitabu kililala mezani, kimeshonwa, mbao zimefungwa, lakini ubao wa nyuma bado uko wazi kwa ndani. Vassa alisimama mbele yao, akainama hadi vidole vikagusa sakafu, kama desturi inavyomtaka mnakili.

"Nisameheni kwa ajili ya Kristo," alisema.

"Mungu atakusamehe," walijibu.

Kwa kawaida hapo ndipo kusoma huanza. Vassa aliendelea kusimama. Akawaeleza, kwa ufupi, karatasi ya kitita cha kumi na moja, kwamba ameiandika upya, na kwamba angependa ile yenye kosa iende ndani ya ubao, juu ya ile ya yule mnakili wa zamani. Akawaonyesha zote mbili.

Minong'ono ilipita. Glikeria hakunong'ona. Alikuwa amesimama tayari mbele ya meza, miwani puani.

"La yule wa zamani nimekubali," alisema. "Yule alirudia mstari, ni usingizi tu. Hii yako ina herufi ya wale. Unataka tuitie ndani ya kitabu chetu, tuifunike, tulibusu jalada kila sikukuu. Mimi siwezi kusoma kitabu cha namna hiyo."

Watu walimtazama Baba Zosima, naye alikuwa ameelekeza sikio lisilofaa. Glikeria asiposoma, hakuna mwingine wa kusoma, na kitabu kisichosomwa chote hakiwekwi. Siku zilizobaki hadi Pokrov zilikuwa tatu.

"Basi niambie," Glikeria alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Nakujua tangu tulipokuwa tukiibiana karoti. Hukuwahi kukosea Jina, hata ulipokuwa na homa. Februari kulikuwa na nini?"

Vassa alikunja leso mkononi.

"Nilimwandikia Kiriakia ubao wa msalaba," alisema. "Kama wanavyoandika kwao. Kesho yake ndiyo hii."

 Kila mtu pale alimjua Kiriakia na kikombe chake cha maua. Glikeria alimjua kuliko wote; walikuwa wa umri mmoja, walilala darini pamoja majira ya joto, na siku ya mazishi hakwenda, kwa kuwa yalikuwa ya kanisa lile jingine. Aliwaambia watu kwamba ana kifua.

Alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akaivaa, akaivua tena.

"Ulimwandikia vizuri?" aliuliza.

"Vizuri. Kwa wino wa baba."

"Na nyekundu uliweka?"

"Herufi ya kwanza."

Glikeria aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekagua kazi na kuikuta inafaa. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete gundi," alisema. "Wewe huoni vizuri, utaibandika kwa upande."

Aliibandika yeye mwenyewe. Alipaka gundi ya unga kwa vidole vitatu, akailaza karatasi ya Vassa juu ya ile ya yule asiye na jina, akaisawazisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni hadi hewa yote ikatoka, akafunika kwa karatasi nyeupe. Halafu akanawa, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma. Alisoma hadi jioni, akipumzika mara tatu kunywa maji. Alipata makosa mawili: nukta nyekundu iliyosahaulika na neno lililokosa mkia. Aliyataja yote mawili kwa sauti kubwa na kwa raha isiyofichika.

Siku ya Pokrov baridi ya kwanza ilikuwa imeshaanguka, nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Waimbaji saba walisimama bega kwa bega mbele ya kitabu kipya. Mwanzo waliimba polepole, kwa sababu macho yao yalizoea madoa ya kile cha zamani na sasa hayakuwa na pa kushikilia. Wimbo wa tatu wakachanganya. Baba Zosima akapiga meza kwa kidole wakaanza tena. Kufikia katikati ya ibada walikuwa wamekizoea.

Keshokutwa yake Vassa anakwenda Tartu kwa ajili ya jicho. Lavrenty atamchukua kwa gari. Daktari amemwambia apumzike wiki nne bila kuinama, na ameshauliza kama kusuka vitunguu ni kuinama. Baada ya hapo anataka kuanza kitabu cha pili, kidogo, cha kusomea marehemu, kwa ile karatasi moja iliyobaki na nyingine atakazozipata. Ameamua kwamba majina ya kuombewa atayaandika yote, na la Kiriakia litakuwemo. Kwamba Glikeria atalisoma au hatalisoma, hilo wataliona wakifika.

Akiulizwa anatumaini nini juu ya kitabu kikubwa, Vassa hazungumzii sikukuu wala waimbaji. Anafikiria kwanza, huku akichambua ganda la kitunguu kutoka kwenye sketi yake.

"Paa litavuja tena," anasema. "Si sasa. Miaka mia, mia mbili. Na atakuja mtu mwingine, sijui atakuwa mwanamke au mwanamume, atalowesha ubao kwa sponji, atainua kona. Kwanza atanikuta mimi, na i zangu mbili. Atanicheka, atasema bibi huyu alikuwa mzembe. Basi acha acheke. Halafu atainua tena, amkute yule mwingine chini yangu."

Anaweka ganda la kitunguu mezani.

"Na mimi natumaini kwamba huyo naye atakuwa na karatasi yake mkononi, hajui aipeleke wapi. Nafasi ubaoni bado ipo. Nimepima."